Jirani Aliyetaka Geti Lirudishiwe

Walisema sitaweza. Bodaboda wa kona ya soko la Kashaulili walisema geti la kujifungua lenyewe ni la Dar es Salaam, la matajiri ambao hata mbwa wao wanakula nyama. Mafundi wa kuchomelea walisema nitaunguza mota kabla mvua hazijaanza. Binamu yangu wa Sibwesa, ambaye tulilima naye mahindi shamba moja, alisema mbele ya watu, "Huyu alituaga anakwenda kusoma, kumbe kaenda kujifunza ubawabu!" Wakacheka wote.

Niliweza. Naandika hivyo bila aibu; aibu ina sehemu yake mbele. Niliondoka Sibwesa na begi moja lililoshonwa kwa uzi wa katani, nikajisomesha stashahada ya elektroniki Dar es Salaam kwa kufunga ving'amuzi kwenye mapaa ya watu, sikubebwa na mjomba wala mwanasiasa, na niliporudi Mpanda nilirudi na vifaa vyangu mwenyewe kwenye sanduku langu mwenyewe. Leo ukipita mjini ukaona geti linateleza pembeni polepole bila mtu kulisukuma, jua kwamba ni mkono wangu.

Lakini si habari zangu ninazotaka kuandika. Nataka kuandika habari za mwanamke aliyenipa kazi ya kwanza Mpanda wakati wengine wananicheka. Yeye na mumewe walikuwa na ghala la mchele nyuma ya soko, na chumba nilichopanga kilipakana na ukuta wao. Sasa hayupo Kashaulili. Binti yake alimhamishia Tabora. Nitamwita Jirani, maana ndivyo alivyoniita mimi, na ndivyo alivyomwita kila mtu. Wakulima waliomletea mpunga kutoka Mpimbwe walikuwa majirani. Watu wa Mishamo waliokuja na maharage nyuma ya baiskeli walikuwa majirani. Nilimwambia siku moja, "Jirani, Mpimbwe ni mbali."

"Mbali kwa gari," akasema. "Kwa shida ni hapo tu."

Alikuwa mfupi, mpana, mwenye sauti iliyofika kabla yake. Mzani wa ghala aliuamini baada ya kuupiga kofi. Kipande cha sabuni alikikata kwa uzi vipande vinne na kimoja kilitosha wiki. Gunia lililotoboka alilishona mpaka likawa uzi mtupu. Ungemwona anavyogombana na muuza mkaa ungesema huyu hatoi hata salamu bure. Na bado bomba la uani kwake lilitumiwa na mtaa mzima. Akina mama waliingia na ndoo, wakachota, wakatoka, na yeye anahesabu magunia bila kuinua kichwa. Nilipomshauri aweke mtu wa kutoza kitu kidogo kwa kila ndoo, aliniangalia kama nimependekeza tutoze watu kwa kupumua.

Ulimi wake ulikuwa na milango miwili. Mbele ya watu ulikuwa asali. Nyuma ya ghala, mkiwa wawili, ulikuwa wembe. Nilimshuhudia na mkulima mmoja mzee wa Mpimbwe aliyepanga gunia kwa ujanja: mchele mzima juu, chenga chini. Jirani alichoma gunia kwa bambo, kile chuma cha kutolea mchele wa ndani, akaiona chenga kwenye kiganja. Wanunuzi watatu walikuwa wamesimama wanatazama. Akakifumba kiganja.

"Mchele wa jirani yangu ni mzuri," akasema kwa sauti. "Ila hili bambo langu limeziba. Njoo huku nyuma unisaidie kulizibua."

Mimi nilikuwa nyuma huko nafunga waya. Nikasikia yote. "Mzee mzima na rozari shingoni! Unanitafuta nini? Unadhani mimi sina macho? Ukirudia nitakupa hilo gunia ulale nalo, ukimwita mkeo likuitikie lenyewe!" Mzee alitoka pale amenywea. Kuanzia siku ile mchele wake ulikuwa safi kuliko wa wote, na kwa mwingine hakuuza tena.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba mwanamke huyu, aliyeswali swala zake zote na kufunga hata zile funga za hiari, alikuwa mwongo hodari kuliko wote niliowahi kuwafahamu. Hakudanganya kwa faida yake hata mara moja. Kwenye harusi ya binti wa mpangaji mwenzangu, chakula kilipungua. Wageni wa upande wa mume walikuwa bado wamekaa na sahani tupu, na mama wa bibi harusi alikuwa jikoni anakwangua sufuria. Jirani akatoka jikoni amejishika kichwa: "Jamani nisameheni, nimemwaga sufuria zima la pilau! Mikono yangu hii!" Hakuna kilichomwagika. Wageni wakaguna, wakamsema yeye, na mama wa bibi harusi akapata nafasi ya kutuma watu mgahawani. Miaka yote iliyofuata Jirani alijulikana kama mama wa mikono mizito ambaye hapewi sufuria la moto. Nilimuuliza kama haikumuuma.

"Kwani mimi ndiye niliyekuwa naolewa?" akajibu.

Mumewe alikuwa kinyume chake. Mzee alizungumza kidogo, macho yalikuwa yamefifia, na bega la kulia halikunyanyuka vizuri. Mchana alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na lango, akisikiliza watu kwa hatua zao. "Huyo wa viatu vya tairi ni wa Mishamo," angesema, na angekuwa sahihi. Jirani alimkaripia mchana kutwa, na kila chakula alimpelekea yeye kwa mkono wake mwenyewe, kwanza.

Nilipomweleza Jirani kuhusu geti la mota, nilimchorea kwa chaki kwenye sakafu ya ghala. Hii ndiyo kazi niliyoisomea na ninaijua. Geti, wakati wowote, lipo katika hali moja tu: limefungwa, linafunguka, limefunguliwa, linafungika, au limesimama njiani. Nikachora duara kwa kila hali. Kisha nikachora mishale kati ya maduara. Ukibonyeza rimoti wakati limefungwa, linaanza kufunguka. Likigusa swichi iliyo mwisho wa reli, limefunguliwa. Jicho la pembeni, yaani kihisi, likiona mtu amesimama njiani, halifungiki. Ile chip ninayoiweka ndani ya kiboksi ukutani, ndogo kuliko kidole gumba, haina akili ya kubuni. Inajiuliza maswali mawili tu, bila kuchoka: niko katika hali gani, na sasa hivi limetokea nini? Majibu ya hayo mawili ndiyo yanayoiamuru mota izunguke, isimame au irudi nyuma. Mafundi wengine huandika amri zao ovyo, "kama hivi, kama vile", mpaka geti lenyewe linachanganyikiwa. Mageti yangu hayachanganyikiwi, na nilimwambia hivyo.

Jirani alivua kandambili, akaweka kidole cha mguu katikati, kati ya duara la limefungwa na la limefunguliwa.

"Na hapa?"

"Hapo hakuna kitu, Jirani."

"Nyumba yangu inakaa hapo siku zote."

Nikacheka. Nilidhani ni utani.

"Sikiliza," akasema. "Nataka watu wakishapita likae limerudishiwa."

"Hilo tu? Limekwisha. Litajirudishia lenyewe."

Kurudishia mlango, kwa asiyejua, ni kuusogeza mpaka karibu ujifunge, kisha ukauacha hivyo. Upepo hauingii, kuku hawatoki, lakini mgeni akipiga hodi anausukuma na kuingia. Sibwesa nilizaliwa kwenye nyumba ya mlango wa namna hiyo. Lakini nilikuwa nimefunga mageti kwa miaka mingi kwenye nyumba za Dar es Salaam, ambako mwenye nyumba akimwambia mlinzi "rudishia geti" ana maana libamizwe na komeo litiwe. Neno lilikuwa limegeuka kichwani mwangu na sikusikia lilipogeuka. Nikaandika kwenye chip: limefunguliwa, hakuna mtu mbele ya jicho, muda mfupi umepita, funga. Na meno ya mota yakishashika reli, hata wanaume wanne hawalisukumi.

Siku ya kulizindua walikuja mpaka wale bodaboda. Jirani alishika rimoti kama ameshika yai, akasema Bismillah, akabonyeza. Geti likateleza. Watu wakapiga makofi. Likakaa kidogo, kisha likarudi lenyewe, likagota ukutani. Akalisogelea, akalisukuma kwa kiganja. Halikwenda. Akasukuma tena kwa bega. Kisha akageuka akaniangalia, na mimi nikasema mbele ya wote, "Ndivyo ulivyoniagiza, Jirani!"

Akawatazama watu, akanitazama mimi.

"Ndivyo nilivyomwagiza," akasema. "Fundi hodari huyu. Mpeni kazi."

Wakanipa. Kazi zangu zote za mwanzo zilitokana na neno lile. Nilisubiri aniite nyuma ya ghala. Hakuniita, nami nikahitimisha kwamba ameridhika.

Majuma yaliyofuata niliona wakulima wamesimama nje na baiskeli, wanapigia hodi bati la chuma. Akina mama wa ndoo walipungua. Halafu siku moja nikakuta geti wazi, limetulia, na watu wanapita kama zamani. Mzee alikuwa amehamisha kiti chake, amekiweka pale pale mbele ya jicho. Chip ilikuwa inajiuliza maswali yake na kupata jibu lile lile: kuna mtu, subiri. Mzee aliifanya hiyo kuwa kazi yake. Akiondoka kwenda kuswali aliweka ndoo kitini. Rimoti aliipenda kama mtoto apendavyo filimbi. Jioni alilifunga na kulifungua bila sababu, asikie mota inavyounguruma.

"Linanitii kuliko wewe," alimwambia mkewe.

"Basi liambie likupikie!"

Nilicheka nao. Sikufikiri kwamba mtu anayeweka kiti mbele ya jicho la geti kila siku anajaribu kuniambia kitu.

Kiangazi kilipoingia, mteja wangu mwingine, mwenye nyumba ya wageni, alinipigia simu kwa hasira: geti lake limebaki wazi tangu asubuhi. Nikaenda nikakuta jicho limefunikwa na vumbi. Chip ilidhani kuna mtu amesimama pale muda wote. Nikakaa, nikafikiri, nikaongeza hali mpya: jicho chafu. Jicho likizibwa muda mrefu bila kuachiwa, hakuna mtu anayesimama hivyo, ni vumbi. Piga kengele kidogo, usilisikilize jicho, funga taratibu. Mota ikikutana na kizuizi irudi nyuma, isubiri, ijaribu tena. Nilijivunia sana hali ile. Nilizunguka kwa wateja wangu wote nikawawekea programu mpya bila malipo, na kwa Jirani pia. Alikuwa amekaa barazani anamkorogea Mzee uji, maana Mzee alikuwa ndani, hajatoka kitandani siku nyingi. Kiti kilikuwa kimeegemezwa ukutani.

"Unafanya nini hapo?" akaniuliza.

"Naliongezea akili."

"Haya," akasema, akaendelea kukoroga.

Mzee alifariki asubuhi, na ilipangwa azikwe baada ya swala ya alasiri. Kwetu Mpanda msiba hauna dini. Ililetwa mikeka na majamvi na sufuria kutoka nyumba zote, Waislamu na Wakristo, turubai likafungwa, wakulima wakaja kutoka Mpimbwe kwenye roli la mchele. Nami nikaona nina wajibu. Nililifungua geti, nikasimama hapo nikiwa na rimoti shingoni kwenye kamba, naelekeza magari. Nyumba ya msiba haifungwi geti, hilo hata mtoto analijua. Nilijua na mimi. Kwenye chip hapakuwa na duara la msiba.

Watu walijaa njiani, wamesimama, wamekaa, bega kwa bega mbele ya jicho. Mzee mmoja mgeni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ndilo hili linalojifungua?" Nikamweleza. Sauti za kilio zilikuwa zinatoka ndani, nami namweleza. Nilimweleza mpaka habari za stashahada.

Kengele ikalia. Mtu akasema, "Simu ya nani hiyo? Zimeni simu, jamani." Wakati huo huo jeneza lilitoka barazani juu ya mabega, limefunikwa kitambaa cha kijani, na watu wakafungua njia katikati. Walioibeba maiti walikuwa wamefika kwenye reli geti lilipoanza kutembea.

Lilitembea taratibu, kama nilivyoliagiza. Likaligonga jeneza ubavuni. Mota ikaona kizuizi, ikarudi nyuma, ikasubiri. Wabebaji wakayumba, wakajipanga upya, wakapiga hatua. Likaja tena. Nikabonyeza rimoti. Rimoti ile ina kitufe kimoja: likiwa linafungika, kubonyeza ni kusimamisha, kubonyeza tena ni kufungua, kubonyeza tena ni kusimamisha. Nilibonyeza mpaka sikujua nimebonyeza mara ngapi, na geti likawa linakwenda na kurudi, linakwenda na kurudi, na marehemu yuko katikati.

"Zima! Zima basi!"

"Mzee anakatazwa kutoka kwake!" ikasema sauti nyuma. Mwanamke mmoja barazani akapiga ukunga.

"Fundi yuko wapi? Fundi!"

Nilikuwa pale pale, hatua moja kutoka kwenye jeneza. Nikaivuta ile kamba, nikaiingiza rimoti ndani ya shati.

Wanaume waliliinamia geti, wakalinyanyua kwa pamoja likatoka kwenye reli, wakalitupa ukutani. Mota ikaendelea kuzungusha meno hewani. Shehe akasema, "Leteni shahada, tusonge mbele," na watu wakasonga wakiitikia, lakini sauti zao zilikuwa zimeingiwa na kitu kingine. Nilifuata nyuma kabisa. Makaburini sikushika jembe. Hakuna aliyenipa.

Siku chache baada ya hapo, Jirani aliniita. Nilikwenda nikijua ninakokwenda: nyuma ya ghala, kwenye ule ulimi wa wembe. Nilitaka kwenda. Nilikuwa nimeyapanga hata maneno ambayo angenitukana nayo, na yote nilikuwa nakubali. Lakini alikuwa kwenye eda. Nilikaa kwenye kibaraza, yeye ndani nyuma ya pazia, sauti yake imepungua kama redio iliyoisha betri.

"Jirani, mimi sitoki mpaka eda iishe. Vyombo vya watu vimekaa, na nao wana shughuli zao. Naomba unirudishie."

Akanitajia kimoja kimoja kwa kumbukumbu. Sufuria lenye alama ya rangi ya kucha kwenye mkono ni la mama wa dagaa. Majamvi mawili yenye ukingo mweusi ni ya duka la vitenge. Sufuria kubwa kuliko yote ni la jumuiya, la kwa Bibi. Nikasubiri. Nikasema, "Jirani, lile geti..."

"Lilimgusa wapi?" akauliza.

"Ubavuni," nikasema. "Upande wa kulia. Karibu na bega."

Nilisikia anavuta pumzi.

"Bega lile lilikuwa linamuuma," akasema. Kisha, "Anza na la mama wa dagaa, analihitaji kwa biashara."

Hakusema lingine. Nimetukanwa na watu wengi maishani, na matusi yao nimeyageuza ngazi. Hili la kutotukanwa sikujua nilipandie wapi.

Nilikodi toroli la kusukuma, nikapakia vyombo, nikaanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa kejeli kila mlango. Mama wa dagaa alilipokea sufuria lake, akalikagua chini, akaniangalia kwa huruma.

"Pole, fundi. Na geti lako zuri vile. Tumesikia mama wa watu alikuwa ameikalia rimoti."

"Rimoti gani?"

"Ya geti. Yeye mwenyewe katuambia kwenye dua. Alikuwa amejiinamia na kilio chake, rimoti iko chini ya kanga, hajui kama anaibonyeza. Maskini. Kalia sana alipotusimulia."

Nilisimama na mikono kwenye toroli. Ningeweza kusema hapo hapo. Badala yake nilisema, "Eeh."

Duka la vitenge walikuwa wamekaa vijana kwenye benchi. Waliyapokea majamvi, na mmoja wao, mchekeshaji wa mtaa, hakuweza kujizuia.

"Ila mama naye! Kwanza alimwaga pilau, sasa kakalia rimoti. Makalio yale yana umeme wa gridi ya taifa!"

Wakacheka mpaka wakainama. Mwenye duka alisema, "Nyie, muogopeni Mungu," lakini naye alikuwa anacheka. Wakaniangalia mimi, wanasubiri. Nikacheka. Nilimsikia mtu anacheka na nikajua ni mimi.

Nyumba nyingine ikawa hivyo hivyo, na nyingine. Kote nilipewa pole, kote waliniuliza geti litarudi lini kwenye reli, na mmoja aliniuliza ningemtengenezea la kwake kwa muda gani. Jina langu lilikuwa zima kila mlango. La Jirani lilikuwa linapita kwenye midomo ya watu, linatikiswa, linarudishwa. Kadiri toroli lilivyokuwa jepesi, ndivyo lilivyonishinda kulisukuma.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bibi, mama mzee wa Mpimbwe aliyehamia mjini zamani na kutunza vyombo vya jumuiya yao ya Wakatoliki. Alikuwa anapepeta karanga mlangoni. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akaanza kama wengine.

"Pole na kazi, mwanangu. Na pole kwa lile la rimoti."

"Bibi," nikasema, "rimoti hakuwa nayo yeye."

Aliendelea kupepeta.

"Nilikuwa nayo mimi shingoni. Na hata hivyo si rimoti. Ni mimi nililiandikia lijifunge. Nilidhani mtu akisimama sana ni vumbi. Nataka watu wajue."

"Wanajua," akasema Bibi.

Nikamtazama.

"Mimi nilikuwa nimesimama pale ukutani na wenzangu. Tulikuona unabonyeza. Tulikuona unaitia ndani ya shati. Watu wote wale, unadhani walikuwa wanatazama wapi?"

"Yule mama wa dagaa..."

"Alikuwa kando yangu."

"Na vijana wa dukani?"

"Wawili kati yao ndio walionyanyua geti."

Nikasema, "Basi kwa nini wote mnasema rimoti?"

Akaweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye kitenge.

"Kwa sababu mwenye msiba ndiye aliyesema. Neno la mwenye msiba halisahihishwi. Ukizunguka sasa unasema siyo, siyo, ilikuwa hivi, utakuwa umemfanya mwongo mbele ya watu, na mumewe hajamaliza wiki. Unataka kumwaibisha tena?"

"Hapana."

"Basi ni rimoti."

"Lakini Bibi, wanamcheka."

"Wanamcheka, ndiyo. Naye anawasikia, nyumba zenyewe hizi kuta zake nyembamba. Aibu hiyo utaibeba wewe, na usiigawe kwa watu ili ikupungukie." Akainuka kwa kushika goti. "Haya. Sufuria hilo nzito, siliwezi peke yangu. Shika upande huo."

Nikashika mkono mmoja wa sufuria, yeye akashika wa pili, tukalitoa kwenye toroli. Alitangulia kuingia akirudi kinyumenyume, mimi nikimfuata.

"Inama," akasema. "Mlango wangu mfupi."

Nikainama.